Msimu Tulioshangilia Kabla ya Bao

Mwaka ule timu yetu ilikuwa mbovu kiasi kwamba mashabiki wetu wenyewe walikuja uwanjani na redio, wasikilize mechi za watu wengine. Sisemi kwa ubaya. Mimi nilikuwa dereva wa basi la timu, na dereva ndiye mtu pekee ambaye timu ikifungwa mabao sita bado anatakiwa awafikishe watu nyumbani. Katika kioo changu cha kati nimeona kila aina ya sura ya kushindwa: wapo walioshindwa wakalala, wapo walioshindwa wakala, na yupo kipa wetu, aliyekuwa akishindwa huku akieleza.

Timu ilikuwa ya kiwanda cha viatu, kwa hiyo watu walituita Soli. Jina hilo liliwapa wapinzani kazi nyepesi. Kila tulipokwenda tulipokewa na wimbo uleule: "Soli kazi yake kukanyagwa!" Na kweli, tulikanyagwa. Nyasi zenyewe zilipumzika kidogo, maana wapinzani walipita juu yetu.

Uongozi ukaona dawa ni kuleta kocha kutoka nje. Akaja bwana mmoja mrefu, mwembamba, mwekundu usoni kama aliyetoka kupuliza moto, kutoka nchi ya baridi ambako, kwa maelezo yake, mpira huchezwa juu ya barafu na mchezaji akianguka anateleza mpaka mlangoni kwao. Lugha yetu hakujua hata neno la kuombea maji. Katibu wa timu, mtu wa maneno makali na mashati ya kubana, alimpokea kwa sentensi moja: "Timu ikishuka daraja, wewe unapanda ndege." Ili aelewe, akamwonyesha kwa mkono: mkono ukashuka, kisha ukapanda. Kocha akadhani ni mazoezi ya viungo. Akatabasamu, naye akafanya: mkono chini, mkono juu. Akaongeza na wa pili.

Timu haikuwa na nyumba ya kumweka, mimi nilikuwa na chumba cha uani, basi akaletwa kwangu. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mke wangu, na dada yangu mkubwa, ambaye alirudi kwetu baada ya kufiwa na mumewe. Dada ni fundi cherehani. Alikuwa ameiweka cherehani yake barazani, na kutwa alikaa pale, pini mdomoni, akishona na kunyamaza. Tangu tumzike shemeji hatukuwahi kumsikia akicheka. Hata mimi, ambaye nimewahi kumchekesha askari wa barabarani akiwa ameshika leseni yangu, nilijaribu nikashindwa.

Sasa, kocha anahitaji maneno ya kazi. Mimi nashinda barabarani, mke wangu hana subira na mtu mzima anayesema "pira". Kazi ikamwangukia dada. Kocha alivuta kigoda hadi kando ya cherehani, akachora uwanja kwa chaki ya fundi juu ya kitambaa cha watu, akaanza kuuliza. Hiki kinaitwaje? Na huyu anafanya nini?

"Hapo unashambulia," dada akamwambia, pini mdomoni. "Unawaendea. Sham-bu-li-a."

Kocha akavuta pumzi, akanyoosha kidole kwenye goli la chaki, akapiga kelele mpaka kuku wa jirani wakaruka: "SHANGILIA!"

Dada alicheka. Alicheka mpaka pini zikamtoka, akashika cherehani isimwangukie. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akaninong'oneza, "Ni nani huyo anayecheka?"

"Wifi yako."

"Usinitanie."

"Kamwangalie."

Alikwenda, akarudi macho yamelowa, akanimegea nyama niliyoambiwa tangu asubuhi kwamba ni ya usiku.

Jioni nikamwambia dada, "Lakini utamrekebisha, sivyo? Mtu anaweza kwenda kulisema mbele ya watu."

"Nitamrekebisha," akasema. "Haraka ya nini? Ngoja kwanza nilisikie tena kesho."

Kesho ikawa na kesho yake, na ya tatu ikawa siku ya mechi.

Nahodha wetu alikuwa mtu wa nidhamu kupita kiasi. Hata akipiga chafya anaomba ruhusa kwa aliye karibu. Ndani ya basi alisimama akawaambia wenzake: "Jamani, mwalimu ametoka mbali. Wenzetu huko wana mbinu zao. Akisema lolote, tunafanya. Hatuulizi, hatucheki. Akisema tulale, tunalala."

"Kulala tunakuweza," akasema Kabati kutoka kiti cha nyuma. Huyo alikuwa beki wetu wa kati. Tulimwita Kabati kwa sababu alikuwa mpana, mzito, na ukishamweka mahali hahami. Katika maisha yake yote ya mpira hakuwahi kuvuka mstari wa kati. Alikuwa akisema ng'ambo ile hana mtu anayemjua.

Mechi ilianza. Tulikuwa bila kwa bila, jambo ambalo kwetu lilikuwa sawa na sikukuu. Karibu na mapumziko mpira ukafika katikati kwa winga wetu mdogo, tuliyemwita Sisimizi. Kocha akaona mwanya. Akaruka kutoka kwenye benchi, mishipa ya shingo imemtoka, kidole kinaelekea kwenye goli la wapinzani, akapasua sauti:

"SHANGILIA! SHANGILIA!"

Wachezaji wakatazamana. Wakamtazama nahodha. Mimi nilikuwa kando ya mstari, nikamwona nahodha kwa macho yangu akipigana na akili yake. Kisha nidhamu ikashinda. Akarusha mikono juu, akapiga yowe, akakimbilia kibendera cha kona. Wenzake nyuma yake, ila Kabati, aliyeshangilia palepale alipo. Wakakumbatiana, wakabebana, mmoja akavua jezi akaizungusha kichwani, kipa wetu akaacha goli lake akaja akiteleza kwa magoti uwanja mzima.

Wapinzani wakasimama wameduwaa. Ukiona watu wanashangilia namna ile, ni nani wewe useme bao halijaingia? Mabeki wao wakaanza kulaumiana.

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi? Mimi nilikuwa namkaba huyu!"

"Kila siku huyu, kila siku huyu! Aliyefunga ni yule!"

"Yule yupi?"

"Sijui, lakini hakuwa wako?"

Kipa wao, maskini, aliingia wavuni kuutafuta mpira. Aliinua wavu huku, akachungulia kule. Hakuuona, akadhani umetoboa umetoka.

Mpira wenyewe ulikuwa bado kwa Sisimizi, ambaye alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu na hakusikia kitu. Alipoinuka aliona uwanja mtupu. Akausukuma polepole, anaangalia kushoto, anaangalia kulia kama anayevuka barabara, mpaka golini, akauviringisha ndani. Mpira ulimpita kipa miguuni. Akauona, akafurahi sana: "Aa, kumbe huu hapa!"

Refa akapuliza kipenga: bao.

Asiyeamini akamuulize yule kipa. Siku hizi anauza vipuri, na ukimtajia habari hii anapandisha bei.

Turudi kwenye basi. Siku hiyo waliimba mpaka vioo vikawa na ukungu. Nahodha akaja mbele akaniambia kwa heshima zote, "Mzee wa usukani, umeona akili za huko nje? Unashangilia kwanza, bao linakuja lenyewe. Linaona aibu kutokuja."

Nyuma yangu kocha alikuwa anawaza lake. Yeye alijua amesema wawaendee wale watu. Aliwaona wachezaji wake wakirukaruka kwanza, wakakumbatiana, wakavua nguo, ndipo bao likaingia. Akajiambia ni desturi ya nchi, na mgeni hacheki desturi za mwenyeji. Hata barua aliyowaandikia kwao, dada alinisimulia, ilisema watu wa huku hawawezi kushambulia mpaka wapashe moto mioyo.

Ndivyo ilivyokuwa. Wachezaji walimheshimu kocha, wakanyamaza. Kocha aliwaheshimu wachezaji, akanyamaza. Na katikati ya heshima hizo mbili sisi tukaanza kushinda.

Tulishinda nyumbani, tukashinda ugenini. Wapinzani walikuja wameonywa, lakini kuonywa si kuona. Unaweza kumwambia beki mara mia, "Wakishangilia, usijali, ni uongo." Beki anaitikia. Halafu anamwona Kabati mwenyewe, mwili wote ule, analia kwa furaha kule nyuma ya mstari wa kati, na moyo unamwambia: mtu mzima hawezi kulia bure. Akigeuka kutazama golini kwake tu, amekwisha.

Timu moja ikaamua kututibu kwa dawa yetu. Tulipoanza kushangilia, nao wakaanza. Sisi tukazidisha, nao wakazidisha. Watu ishirini na wawili wakawa wanakumbatiana, mwishowe wakachanganyikana, unakuta mtu amembeba mpinzani wake mgongoni. Mashabiki nao wa pande zote mbili wakapagawa. Mpiga kibendera alirusha kibendera juu, hakikurudi. Bwana wa ubao wa matokeo, mtu mwaminifu anayeandika anachokiona, aliandika nne kwa nne, akafuta, akaandika saba kwa saba. Mechi iliisha bila kwa bila, na haijatokea mechi nyingine ya bila kwa bila ambayo watu waliondoka wamepoteza sauti.

Na nyumbani? Nyumbani kulikuwa na mechi nyingine. Kocha akitoka mazoezini hapiti jikoni, hapiti bafuni, moja kwa moja barazani. Alijifunza kutunga uzi kwenye sindano, akawa anamshikia dada kitambaa, anamzungushia gurudumu la cherehani. Dada naye alianza kupaka mafuta, akashona gauni ambalo halikuwa la mteja. Na wakati mwingine, kila mtu akidhani wamenyamaza, utamsikia dada anasema kwa sauti ndogo, "Hebu sema tena," na kocha anasema, "Shangilia," na kicheko kinafuata.

Mke wangu akaniambia, "Baba, huyu mgeni si wako tena. Wewe umebaki na chumba tu."

Siku moja nikamkalia dada kitako. Sisi kwetu mdogo hamwulizi mkubwa mambo ya moyo, lakini mimi ni dereva, nimezoea kuuliza, "Tunaelekea wapi?"

"Dada, tunaelekea wapi?"

Hakujifanya hajaelewa. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. "Unalikumbuka neno la katibu? Timu ikishuka, anapanda ndege."

"Sasa hivi hatushuki. Tunashinda."

"Mnashinda kwa kushangilia mabao ambayo hayapo. Itafika siku watu watachoka." Akaangalia kule kocha alikokuwa anamfundisha mke wangu namna ya kukaba sufuria. "Mimi nilishazika mume mmoja katika udongo huu, mdogo wangu. Simfuati mwingine kwenye barafu. Akibaki, sawa. Akiondoka, ameondoka. Kwa hiyo endesha basi vizuri na umwombe Mungu."

Watu walichoka mapema kuliko alivyodhani. Viongozi wa ligi walikutana, wakabishana kutwa nzima, wakatangaza redioni, na mtangazaji alijitahidi asicheke: kuanzia sasa ni marufuku kwa mchezaji yeyote kushangilia bao ambalo halijafungwa, timu itakayofanya hivyo itapoteza mechi papo hapo.

Soli ikarudi kuwa soli. Mechi iliyofuata kocha alisimama akapaza sauti, "Shangilia!" na wachezaji wakabana mikono kwapani wasije wakaponyoka. Hawakujua wafanye nini kingine. Walifungwa. Iliyofuata wakafungwa, na zilizofuata vilevile, mpaka tukarudi mkiani. Kocha alikuwa akirudi kwenye kigoda chake mbele ya cherehani amejikunja kama kanzu isiyopigwa pasi. "Kwa nini hawapashi moto mioyo?" akamwuliza dada. "Nimewakosea?"

Hapo dada akamwambia ukweli wote. Nilikuwa dirishani, kwa bahati mbaya, nikiwa nimesimama juu ya ndoo. Alimweleza neno alilokuwa akisema ni lipi na maana yake ni ipi.  Nikaona wekundu unampanda kocha kutoka shingoni, unapita masikioni, nikasema leo atatukana kwa lugha ya kwao. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akaanguka na kigoda, na dada akaanguka juu yake, na mimi nikaanguka na ndoo.

Ilibaki mechi moja. Tukishinda tunabaki; sare tunashuka. Na wa kucheza nao walikuwa timu ya kiwanda cha magodoro, waliokuwa wanahitaji sare tu wawe mabingwa. Hao tangu Jumatatu walikuwa wanapita mtaani kwetu na gari la vipaza sauti: "Soli, njooni mlale!" Mke wangu alitoka nje akawajibu kwa mdomo mtupu, bila kipaza sauti, wakamsikia vizuri kabisa: "Godoro kazi yake kulaliwa!"

Wiki ile dada alifunga cherehani, akamfunga na kocha. Neno moja tu, kutwa kucha.

"Shangilia."

"Siyo."

"Sham... gilia."

"Ndani yake kuna mbu. Umeelewa? Mbu, yule mdudu anayeuma. Sha-MBU-lia." Akampiga kofi la shingo. "Huyo!"

"Mbu!"

"Eeh. Kila ukitaka kulisema, kwanza muue."

Akalipata. Ila halikutoka bila kofi. Alikuwa akitembea uani anajipiga shingo, "Sha-mbu-lia! Sha-mbu-lia!" na majirani wakatuletea chandarua.

Siku ya mechi katibu alikuja kwenye basi mapema, tiketi ya ndege imechungulia kwenye mfuko wa shati lake la kubana, makusudi ionekane. "Mwambie mwalimu alete na sanduku lake. Ndege ni jioni." Nikalipakia lile sanduku mimi mwenyewe. Lilikuwa jepesi, lakini sijawahi kubeba kitu kizito kama kile. Dada akapanda nyuma yangu na lile gauni lisilo la mteja. Tulipofika alikataa kuingia uwanjani. "Nitakaa hapahapa kwenye basi. Nitasikia." Nikaliegesha nyuma ya goli, dirisha lake likielekea kwenye nyasi, kusudi aone kwa bahati mbaya.

Kocha wa Magodoro alikuwa mtu wa utafiti. Alituchunguza msimu mzima, akawaambia vijana wake, na kila mtu alisikia maana alisema kwa majigambo: "Yule mzungu akipiga kelele, msigeuke. Kelele zake ni za kushangilia tu, na sasa zimekatazwa. Hana neno lingine."

Muda ukaenda. Bila kwa bila. Wao wanapigiana pasi za kupoteza wakati, sisi tunakimbia nyuma ya mpira kama watoto nyuma ya gari la maji. Nilianza kujiuliza njia ya kwenda uwanja wa ndege ina foleni au vipi. Dakika za mwisho mpira ukamwangukia Kabati, palepale alipo siku zote, hatua chache kabla ya mstari wa kati.

Kocha akasimama. Akajipiga kofi la shingo lililosikika mpaka kwenye basi.

"SHAMBULIA!"

Lilitoka safi, kila silabi mahali pake, mbu na yote. Hata msomaji wa taarifa ya habari hajawahi kulitamka vile.

Uwanja ukanyamaza. Wa kwanza kuzinduka walikuwa Magodoro.

"Kasemaje?"

"Kasema shambulia!"

"Shambulia lenyewe?"

"Lenyewe! Hana utani leo! Rudini! Rudini!"

Wakarudi wote. Mtu ambaye msimu mzima hakuwa na neno hilo, leo amelitoa, lazima kuna jambo kubwa nyuma yake. Washambuliaji wao walirudi, viungo walirudi, wote kumi na mmoja wakajazana mbele ya goli lao, wamebanana kama viatu kwenye boksi moja. Kipa wao alibaki nyuma kabisa, anaomba njia.

Na wetu je? Wetu walisimama. Neno hilo kutoka mdomo ule hawakuwahi kulisikia. Nahodha akatoka mbio mpaka kwenye mstari, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Samahani mwalimu. Umesema shambulia?"

"Ndiyo. Shambulia."

"Maana yake ni ipi?"

"Ile ya kawaida."

"Ya kawaida ya kwetu, au ya kawaida ya kwako?"

Wakati wanajadiliana, Kabati ana mpira na hana mtu. Akatazama kushoto, wenzake wanamtazama kocha. Akatazama mbele, hakuna wa kumpokonya. Aliona aibu kusimama na mpira wa watu. Akasogea kidogo. Akafika mstari wa kati, akasimama, akauvuka mguu mmoja kwanza kama anayejaribu maji ya kuoga. Hakikutokea kitu. Akavuka na wa pili. Jukwaa letu likainuka. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami alilia: "Kabati limehama! Wallahi, kabati limehama!"

Alitembea mpaka karibu na lile rundo la watu. Baadaye nilimwuliza alikuwa anawaza nini, akaniambia, "Nilitaka kuwarudishia mpira wao nirudi zangu." Akaupiga. Si kwa nguvu, kwa ustaarabu tu. Mpira ukampiga wa kwanza gotini, ukamrukia wa pili tumboni, wa tatu akaukwepa ukamfuata, ukagonga kisogo cha nahodha wao aliyekuwa anapiga kelele "Msigeuke!", ukapanda juu, ukamwangukia kipa kwenye bega, ukatua nyuma yake kwa upole. Kipa hakuwa hata na nafasi ya kugeuka auone.

Refa akapuliza, akanyoosha mkono katikati. Bao.

Na hakuna aliyeshangilia! Vijana wetu walisimama mikono nyuma kama wako msibani. Kabati alifunga macho. Mashabiki wakaziba midomo ya watoto wao. Nahodha akamwendea refa polepole.

"Mwamuzi, samahani. Hili limefungwa?"

"Limefungwa."

"Limefungwa kabisa? Tunaweza...?"

"Mnaweza."

"Wote?"

"Nahodha," refa akasema, "ukiniuliza tena nitakupa kadi. Shangilieni!"

Ndugu yangu! Furaha ya wiki nyingi ilikuwa imefungiwa ndani ya miili ile. Sitasema paa la jukwaa liliruka, maana wapo waliokuwepo watanisuta. Lilinyanyuka tu, likakaa tena. Kuna shabiki alikumbatia nguzo na mpaka leo wanasalimiana. Mimi nilikimbilia basi nikabonyeza honi mpaka ikaishiwa pumzi. Hata baada ya mpira kuanzwa tena Magodoro hawakuwa na nguvu ya kitu. Walikuwa bado wanaulizana nani alikuwa anamkaba Kabati. Kipenga cha mwisho kikalia. Tumebaki.

Kocha alikuja anakimbia kuelekea kwenye basi, matope mpaka kwenye nyusi, timu nzima nyuma yake. Dada alikuwa ameshashuka, amesimama mlangoni kwenye kivuli cha basi, gauni lake limenyooka. Yule bwana alisimama mbele yake akihema. Nikamwona midomo inacheza, anajikumbusha. Ilikuwa sentensi ambayo hakufundishwa na mtu, aliiunga mwenyewe chumbani kwake, kiungo kwa kiungo. Akavuta pumzi.

"Utanioa?"

Hapo Kabati akakaa chini kwa kicheko. Sisimizi akaenda kujificha nyuma ya gurudumu. Nahodha peke yake hakucheka; alisogea akamnong'oneza, "Mwalimu, hapana. Mwanamke haoi. Mwanamke anaolewa. Wewe ndiye unayeoa."

"We nahodha," dada akasema, "nani amekupa kipenga? Ameniuliza mimi."

Akamtazama yule mtu, matope na wekundu wote ule, mpaka kila mmoja akanyamaza.

"Nitakuoa," akasema.

Katibu alikuwa amefika na tiketi yake mkononi, anahema, anataka kusema jambo kuhusu mkataba mpya. Dada hakumpa nafasi. "Hiyo tiketi, katibu, panda wewe. Huyu ameposwa."

Watu wakapiga kelele, na kocha akanigeukia mimi. Alijua kwamba katika mambo haya huulizwa ndugu. Akanipa mkono wake wa matope. "Bwana Dereva. Sawa?"

Sasa mimi nikafikiri. Kama dada ndiye anayeoa, basi mimi ndiye upande wa bwana harusi, na upande wa bwana harusi hauwezi kujibu ovyo. Nikavuta shati, nikakohoa, nikasimama kwenye ngazi ya basi watu wanione.

"Sisi upande wa mwanamume," nikasema, "tumefurahi. Kijana wetu ni mchapakazi, ana cherehani yake, hanywi, hatembei ovyo. Kasoro yake ni moja tu: asisemeshwe asubuhi kabla hajapata chai. Mtoto wenu tumempenda. Tutamtunza."

Dada alinipiga mgongoni nikakaribia kuanguka kutoka kwenye ngazi. Kocha hakuelewa hata nusu ya maneno yangu. Lakini akayapokea kwa heshima: akaunganisha mikono mbele, akainamisha uso, akaona haya, kama inavyompasa mtoto wa watu anayeposwa mbele ya kadamnasi.